Kwa Sekela, Anayewafuata Vifaranga vya Samaki Kusini

Sekela mwanangu,

Sijui barua huanzaje kwa mtu ambaye kikombe chake bado hakijaoshwa. Umetoka mchana kwenda Masukulu kumuaga shangazi yako, ukasema jioni utakuwa umerudi. Sasa umepiga simu kwamba mvua imeharibu njia, bodaboda wamekataa kupanda, na utalala huko mpaka asubuhi. Nimekujibu, "Sawa, lala salama," nikakata. Kumbe nilikuwa na mengi ya kukuambia jioni ya leo. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi nikikata majani makavu ya migomba, na wewe unajua maneno nikishayapanga nisipoyasema yananichachia tumboni. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Habari za sweta, pasi ya kusafiria na dawa sitaziandika. Shangazi yako atakuwa ameshazisema, na kesho asubuhi atazirudia kwenye simu. Naandika kwa sababu ya lile ulilosema juzi tukila. Uliweka kijiko chini ukasema, "Baba, mimi nikiondoka wewe utakula na nani?" Nikaendelea kutafuna. Ukasema tena, "Basi nitamwandikia profesa, niahirishe." Nikaendelea kutazama sahani yangu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. Shangazi yako ndiye aliyenieleza baadaye kwamba nafasi ile ya Cape Town haiahirishwi, kwamba usipofika mwezi huu wanampa mtu mwingine na kazi inaanza bila wewe. Wewe hukuniambia hilo. Ulitaka niamini ni jambo dogo.

Gari la kukupeleka Songwe kupanda ndege linakuja kesho saa tatu. Begi lako liko hapa karibu na mlango, halijafungwa zipu. Ukirudi utaikuta barua hii juu yake. Isome kabla hujamwandikia mtu yeyote.

Nianze na lile bwawa, maana naona hata haya ya Cape Town yalianzia pale. Ulikuwa darasa la tano. Mimi nilikuwa nimesikia redioni kuhusu ufugaji wa samaki, nikachimba bwawa kule bondeni chini ya migomba, watu wa Kisondela wakapita wakiniuliza kama ninachimba kaburi la tembo. Nikashuka Kyela kununua vifaranga vya perege. Ilikuwa Juni, ule mwezi ambao huku kwetu mtu akisema ameoga unamtazama kwa heshima. Kule Kyela nilikuta watu wamevua mashati kwa joto. Muuzaji akanijazia ndoo, akaniambia, "Mzee, hawa wamezoea maji ya huku. Ukifika usiwamwage tu. Wazoeshe." Nikamjibu kwamba nilianza kulima yeye hajazaliwa. Kulima nini, hakuuliza, na mimi sikumweleza kwamba ni ndizi.

Tulipofika bondeni ulitia mkono mmoja kwenye ndoo na mwingine bwawani. Ukasema, "Baba, haya ya moto, haya ya baridi." Nikakwambia samaki hawavai sweta. Nikawamwaga wote kwa mkupuo.

Asubuhi walikuwa wanaelea, weupe matumbo juu, bwawa zima. Nawe ulikuwa umesimama ukingoni na sare ya shule, hulii, unatazama tu. Ungenilaumu ingekuwa afadhali. Mimi nilimlaumu muuzaji, nikasema kaniuzia wagonjwa. Kisha nikamlaumu jirani yetu wa upande wa juu, yule aliyekuwa na ng'ombe, nikasema katia kitu majini, na nikakaa muda mrefu siitikii salamu yake vizuri. Mtu mzima mwenye watoto, mzee wa kanisa, nilikuwa tayari kuamini jirani yangu ni mchawi kuliko kuamini mkono wa mwanangu mdogo. Mama yako aliniambia maneno hayohayo, ila kwa Kinyakyusa, ambako yanauma zaidi.

Mara ya pili ulikwenda na mimi Kyela, na kurudi ukanikataza nisiguse ndoo. Uliiacha ndoo ielee bwawani, ukakaa hapo na kikombe. Unachota maji ya bwawani, unatia ndooni, unasubiri. Unatia kingine, unasubiri. Nilikuita kula ukakataa. Kuku waliingia bandani ukiwa bado umechuchumaa pale, na ndipo ukailaza ndoo ubavu, wakatoka wenyewe. Hawakuwa wakubwa kamwe, kwa sababu ya baridi yetu, lakini waliishi. Mwaka mzima tulikula perege wenye ukubwa wa kiganja, na mama yako akilalamika kwamba amechoka kutoa miiba.

Nilijua siku ile kwamba una akili ambayo mimi sina, ya kungoja. Sikukwambia. Ni desturi yangu mbaya, kuona jema na kulikalia kimya.

Unakumbuka likizo ile uliyorudi kutoka chuoni na kompyuta, ukaniita barazani nione kazi yako? Ulinionyesha bahari ya huko kusini, ramani ya bluu na nyekundu inayocheza, na juu yake nukta nyingi kama mtama uliomwagika. Ukasema kila nukta ni kifaranga cha dagaa. Nikauliza umewatoa wapi wote hao. Ukasema, "Hawapo, Baba. Hao nimewabuni. Ila bahari ni ya kweli. Joto lake limepimwa, upepo umepimwa, mikondo imepimwa. Ninawaachia vifaranga wa kubuni ndani ya bahari ya kweli nione nani atafika." Nikaona ni mchezo wa watoto, kusema kweli. Lakini ulikuwa unaeleza kwa furaha, na mimi nilipenda kukutazama ukieleza.

Ulisema samaki wazazi wanataga upande mmoja wa rasi, na chakula cha watoto kiko upande mwingine, mbali, kwenye ghuba tulivu. Mayai hayaogelei. Yanabebwa na mkondo tu. Kila siku, ukasema, kompyuta inamuuliza kila kifaranga: uko wapi? Maji yana joto gani? Umekula? Kifaranga akitoka kwenye yai ana akiba kidogo tumboni, ya siku chache. Akiba ikiisha kabla hajakutana na chakula, habari yake imekwisha. Maji yakiwa baridi sana hakui, na asiyekua analiwa. Upepo ukiwa mdogo, maji ya chini yenye rutuba hayapandi, na chakula hakioti. Upepo ukizidi, chakula kinatawanyika na kifaranga mwenyewe anasukumwa nje, kwenye kina, ambako hakuna kitu.

Nikauliza faida yake nini, maana mimi ni mkulima, siwezi kuona kitu bila kuuliza kinauzwaje. Ukaniambia wavuvi wa huko hupangiwa kiasi cha kuvua, na wakijua mapema kwamba mwaka fulani watoto wengi walipotea, wanapunguza nyavu kabla bahari haijawa tupu. Ukasema haya ukiyajua vizuri siku moja utayarudisha kwa dagaa wa Nyasa. Hapo nikaanza kusikiliza kwa masikio yote mawili.

Kisha ukabonyeza, zile nukta zikaanza kusafiri. Nyingine zikawa zinazimika. Ulikuwa unaongea, nami nilikuwa kimya, ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nimechagua nukta moja kwa macho, ile ya pembeni karibu na kidole chako, nikawa ninaifuata. Ikaenda vizuri muda mrefu, ikakaribia kona ya rasi, halafu ikakata kwenda nje. Nikakuuliza, "Huyu mbona anaondoka?" Ukasema, "Mkondo umemchukua." Nikauliza kakosea nini. Ukacheka kidogo ukasema, "Hajakosea kitu, Baba. Alikuwa palepale na wenzake." Ikazimika. Usiku ule nilishindwa kuimaliza chai yangu, mtu mzima, kwa ajili ya nukta.

Nadhani ilinigusa kwa sababu ya babu yako. Hujawahi kuniuliza sana habari zake na mimi sikuwa na nyingi. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni alipokwenda kusini, migodini, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Rungwe siku zile. Joni, ndivyo walivyopaita Johannesburg. Lilikuja blanketi moja, alilolituma kwa mkono wa mtu, baadaye hakikuja kitu tena. Wenzake walirudi na baiskeli na makoti. Bibi yako aliwauliza kila mmoja, na kila mmoja alikuwa amemwona mahali tofauti. Nimekulia kwenye nyumba ambayo neno kusini lilikuwa halisemwi mezani. Ndiyo maana uliposema "Afrika Kusini" mara ya kwanza, ukiwa na furaha yako, nilichukua jembe nikaenda kupalilia mahali palipokuwa pameshapaliliwa. Ulifikiri nimekasirika. Niliogopa, mwanangu. Bado naogopa.

Sasa nifike kwenye lile linaloniaibisha, maana nimeanza na mabwawa na mababu kama mtu anayezunguka nyumba badala ya kubisha hodi.

Mama yako alipofariki ulikuwa na nafasi nyingine. Haikuwa Cape Town, ilikuwa Zanzibar, na ungeanza mwaka uleule. Ulikuja msibani na begi dogo, wageni wakaondoka, wewe ukabaki. Ukasema umepata kazi ya kufundisha pale sekondari, Tukuyu mjini, na kwamba unataka kupumzika na masomo. Nilijua si kweli. Hakuna mtu aliyewahi kupumzika kwa kufundisha kidato cha pili. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulinifaa. Kila jioni ulirudi, ukavua viatu vyenye tope pale mlangoni, tukala, ukanisimulia watoto wako wa darasani, na mimi nikajiambia kwamba huyu amechagua mwenyewe. Umenipa miaka hiyo, na mimi nimeipokea kama mtu anayepokea chakula bila kuuliza aliyempa amekula nini.

Na yote haya kwa nini? Si kwamba niko peke yangu hapa nyumbani. Hatua chache kushuka, nyuma ya migomba, ipo nyumba ya kaka yako Ambakisye. Yeye yuko barabarani na lori lake, leo Tunduma, kesho Zambia, lakini mkewe yupo, Atupele, na mtoto wao Bupe. Moshi wa jiko lao ninauona ninapoandika. Ila yeye ni mkamwana na mimi ni mkwe, na nimeishika desturi ya wazee wetu ya mkwe na mkamwana kukwepana. Haketi nilipo. Hali ninapokula. Tukikutana njiani anaingia migombani na kunigeuzia mgongo, nami hukohoa mapema ili apate nafasi ya kuingia. Tangu harusi yao sijauona uso wake vizuri ila kwenye ile picha ya ukutani, na kwenye picha ile amefunikwa shela.

Vijana wengi mjini wameshaiacha. Mchungaji mwenyewe aliniambia kwamba hakuna dhambi baba kusalimiana na mke wa mwanawe. Nilimjibu kwamba ni heshima, na nilimjibu kwa sauti kubwa. Heshima ipo ndani yake, sikatai, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini nimekaa hapa jioni hii nikijiuliza kwa uaminifu, na naona sababu yangu ilikuwa nyingine. Mimi sijui kuongea na watu. Sikuwahi kujua. Mama yako ndiye aliyekuwa ananiongelea, alikuwa akitoka kule na kusema "Mkweo anakusalimia," akirudi kule na kusema sijui nini. Alipoondoka ukaingia wewe katika kazi ileile. Ulileta sahani ukasema, "Mama Bupe anakusalimia, anauliza mguu wako umepoa?" Nami nikasema, "Hm." Ukarudisha sahani. Desturi ikanifaa sana, mtu kama mimi. Ilinipa ruhusa ya kuwa bubu na bado nikaitwa mtu wa heshima.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa mzima kabisa ukiondoka. Nitakuwa mpweke. Jioni hii peke yake nimeshakuita mara moja, nikisahau, nikuulize kiberiti kiko wapi. Mvua inapiga bati, nyumba imekuwa kubwa, na kiti chako nimekisogeza nisikione, kisha nikakirudisha kwa sababu pale kilipotoka palionekana vibaya zaidi. Ndivyo itakavyokuwa, na sitaki ulijue hilo kwa mtu mwingine. Lakini upweke huu ni wangu. Nimeulima mwenyewe kwa mikono yangu, na siyo haki wewe uwe unauvuna.

Kuhusu huko uendako, nina machache. Maji ya huko yatakuwa ya baridi kuliko haya, na sisemi bahari tu. Watu watakuwa wanazungumza upesi, watacheka vitu usivyovijua, na kuna siku utajiona umemwagwa. Siku hiyo kumbuka ulivyokaa na kikombe. Usione aibu kuchelewa kuzoea. Mimi mama yenu alipokufa nilitaka nionekane nimezoea ndani ya wiki, nikavaa koti nikaenda kikaoni kanisani, nikaongoza sala, na niliporudi nikakaa chooni nikilia ili usinisikie. Ulinisikia, najua, kwa sababu ulianza kuosha sufuria kwa kelele.

Na modeli yako, ile bahari ya kwenye kompyuta, ikikosea usifanye kama baba yako. Usimtafute jirani wa kumlaumu. Ukiona nyavu zimeleta kitu tofauti na ulichosema, kaa chini uulize umesahau nini. Umenieleza mwenyewe kwamba kazi yote iko hapo, katika kujua ulipokosea. Mimi nilikuwa na yangu kichwani, kwamba nyumba hii bila wewe ni mimi na kuta, na kwa miaka sikuwahi kuipima hata siku moja.

Nisubiri kidogo. Kuna mtu barazani.

Nimerudi. Taa nimeiwasha.

Ulikuwa umepanga na wifi yako kwamba ukichelewa yeye ataleta chakula, akiweke kwenye kigoda cha nje, akohoe, aende zake. Sikujua. Nilisikia kikohozi, nikasikia sufuria ikiwekwa. Desturi ni kwamba nihesabu pumzi kadhaa ndani, mpaka nyayo zishuke, ndipo nifungue. Nimefungua palepale. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kuandika maneno yale kuhusu kuta, na wino haujakauka.

Alikuwa bado hajashuka ngazi. Kuniona akanigeuzia mgongo upesi, kama kawaida, na khanga imelowa chapachapa. Lakini mgongoni mwake yuko Bupe, na Bupe hana habari na desturi za mtu. Ananitazama. Ana nywele zimelowa, ananitazama usoni bila kupepesa, na akanyoosha mkono kutaka miwani yangu.

Nikasema, "Mama Bupe."

Sijawahi kumwita. Mabega yake yalikauka. Mvua ilikuwa kubwa nikadhani hakusikia, nikarudia. "Mama Bupe, mvua hii mtoto ataugua. Ingia ndani."

Akajibu akiwa anaitazama migomba, sauti ndogo, "Baba, nitakuwa nimekukosea."

Nikamwambia, "Hujanikosea. Wewe umeshika heshima miaka yote, na nimeiona. Leo mimi ndiye nakuomba."

Aliingia ubavuubavu, uso kwenye ukuta, akakaa kwenye kile kigoda cha karibu na mlango, bado amenipa mgongo. Nikaketi mezani. Basi tukawa kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari. Nilitafuta neno la kusema, Sekela, nilitafuta kweli. Nikafunua sufuria. Ilikuwa mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maharage. Nikaonja, nikasema, "Chakula chako ni kizuri."

Akasema, "Ndaga, asante, Baba. Lakini unasema hivyo kila siku."

Nikauliza, "Nasema?"

"Sekela huniletea. Kwamba Baba amesema ndizi zimeiva vizuri. Kwamba Baba amesema nisibebe kuni nyingi na mtoto mgongoni. Na siku ile Bupe amezaliwa, kwamba Baba amesema ana paji la uso la marehemu Mama." Akaikaza khanga yake, kisha akasema, "Ile siku nililia sana. Nilikuwa nadhani ulitaka wa kiume."

Nimekaa na kijiko mkononi. Sikuwahi kusema hata neno moja kati ya hayo. Nilisema "Hm." Siku Bupe amezaliwa nilisema "Hm" na nikauliza kama ng'ombe wa jirani wameingia shambani.

Nikaona nijaribu upande wa pili. Nikamuuliza, "Na wewe, mguu wangu, umekuwa ukiuulizia?"

Kisha akageuza kichwa kidogo, nikaona pembe ya shavu lake, akasema, "Mguu gani, Baba?"

Mwanangu, nilicheka mpaka nikakohoa. Na yeye alipoelewa akacheka huku ameziba mdomo kwa khanga, na Bupe akacheka kwa sababu tulicheka. Miaka yote hii umekuwa ukitubuni. Unashuka pale na baba wa kubuni, unapanda hapa na mkamwana wa kubuni, sahani mkononi, na sisi wawili tumeishi kwa kulishwa hicho ulichokitunga njiani kati ya migomba. Ningejua ningekukemea. Sasa siwezi kukukemea. Nimemtazama Bupe vizuri kwenye taa na ni kweli, paji la uso ni la mama yako. Uliliona hilo kabla yangu na ukanipa sifa.

Sitasema kwamba desturi imekwisha leo. Bado amegeukia ukuta ninapoandika, na mimi bado sijui nizungumze nini, kwa hiyo ninaandika na yeye anamnyonyesha mtoto akisubiri mvua ipungue. Lakini nimemwambia kesho alete tena, aje ale hapa, hata kama atakula amegeukia ukuta. Amesema atajaribu.

Kwa hiyo funga zipu ya begi. Ukae huko muda wote ambao kazi itataka. Ukipata mume wa huko, tutaona. Ukija naye, Bupe atamvua miwani. Andika. Babu yako hakuandika, na ndicho kitu pekee ninachokuomba kwa ajili yangu mwenyewe.

Nimemwambia wifi yako kwamba naandika barua yako na karatasi imebaki nafasi kidogo, je, ana neno? Amefikiri sana. Kisha amesema nikuandikie hivi: "Wifi, nenda. Baba nitakuwa naongea naye mwenyewe."

Hayo ni yake kweli. Sijaongeza hata neno moja.

Baba yako